Tabo na Springi za Pikapu Kuukuu

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja, fundi wa karakana ya injini za dizeli, mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumeacha kelele za waliokuwa wakimkatiza.)



Katika mkutano wa mwezi uliopita ndugu mmoja wa idara ya ishara alisimama akauliza hivi: "Sisi watu wanne tumenunua pikapu kuukuu ya dizeli. Tunataka kuitia tabo na kuinua springi zake ili ibebe zaidi na ipande mlima bila kuchoka. Je, tufanye hivyo au tusifanye?" Mwenyekiti akanitazama mimi. Alinitazama kwa sababu kazi yangu ni kufungua na kufunga injini za dizeli za gari la moshi, na pia kwa sababu wengi humu ndani wanajua kwamba mimi na wenzangu sita tulipoteza fedha katika jambo hilo hilo. Basi nimekuja kujibu. Mimi si injinia. Masomo yangu yalikwisha katika shule ya msingi ya misheni, na yaliyobaki nimefundishwa na spana.

Pikapu yetu ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini iitwayo 3L, silinda nne, ujazo wa cc 2779, isiyo na tabo. Kila mmoja wetu alitoa shilingi 70,000, nyingine zikiwa ni akiba ya miaka, nyingine mkopo unaokatwa mshaharani hata leo. Tulitaka kubeba viazi kutoka Kinangop, siku nyingine kwenda Nairobi kupitia Flyover, siku nyingine kuteremka Naivasha, na kurudi na nyanya au vitunguu. Dereva wetu ni mwenzetu mmoja aliyepunguzwa kazini. Kwa hiyo gari lile lilikuwa mali ya watu saba, na kwa mmoja wao lilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa, tabo ni nini? Ninyi mlio karakana mnaijua. Injini za English Electric zilizoanza kuletwa na Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1960 zilikuwa na tabo, na zile za General Electric zilizoletwa Kenya miaka ya 1980 zina tabo pia. Mtu aliyebuni jambo hili ni Mswisi, jina lake Alfred Büchi, na hati ya uvumbuzi wake ni ya mwaka 1905. Kazi yake ni hii. Moshi utokao katika silinda bado una joto na msukumo mwingi. Badala ya kuuacha upotee, unapitishwa penye gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo linazunguka, na kwa kuwa limefungwa katika mhimili mmoja na gurudumu jingine lililo upande wa hewa safi, lile la pili linazunguka pia na kuisukuma hewa kuingia katika injini kwa nguvu. Katika gari dogo mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Unaelea juu ya oili tu. Likumbukeni neno hilo la oili, kwa sababu ndilo lililotutia hasara.

Watu wengi hudhani tabo ndiyo inayoleta nguvu. Sivyo. Katika injini ya dizeli nguvu hutoka katika mafuta yanayochomwa, na tabo huleta hewa ya kuyachomea. Ili kilo moja ya dizeli iungue yote inataka hewa kama kilo 14 na nusu, na kwa kweli injini inataka zaidi ya hapo ili isitoe moshi mweusi. Ukifunga tabo na usiguse pampu ya dizeli, utaona moshi umepungua na gari limepata nafuu kidogo, basi. Ukitaka nguvu zaidi itakubidi uongeze mafuta, na mafuta yakiongezeka joto linaongezeka. Hapo ndipo injini za watu huungua.

Lakini sisi wa nchi za juu tuna sababu yetu ya kuitaka tabo, ambayo mtu wa Mombasa hanayo. Hewa ya Mombasa inakandamiza kwa ratili 14.7 katika kila inchi ya mraba. Nairobi ni kama ratili 12. Kule Timboroa, ambako reli yetu inapita juu ya mita 2,700, ni kama ratili 10 na nusu tu. Maana yake injini isiyo na tabo ikifika Timboroa inavuta kama sehemu saba tu katika kumi za hewa iliyokuwa ikivuta pale Mombasa. Pampu nyingi za zamani hazijui habari hiyo, nazo huendelea kutia mafuta yale yale. Ndiyo sababu unaona pikapu ikipanda Kinungi inaacha wingu jeusi nyuma yake. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Ukiongeza ratili 3 tu kwa tabo hapa Nairobi, umerudisha hewa ya Mombasa. Ukiongeza ratili 7, una ratili 19, nayo ni hewa nyingi kuliko iliyokusudiwa na waliounda injini ile. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tabo ndogo ya ratili chache haina maana, mwulize anaendesha gari lake wapi.

Tena hewa ikikandamizwa inapata moto. Hewa ya digrii 25 ikisukumwa kwa ratili 7 na tabo ya kawaida hutoka ikiwa na digrii kama 80. Hewa ya moto ni nyepesi, basi sehemu ya faida inapotea tena, na joto linaingia silinda. Ndiyo maana magari mengi yenye tabo yana rejeta ya kupoza hewa mbele. Kwa ratili 5 au 6 unaweza kufanya bila hiyo. Zaidi ya hapo, usifunge tabo mpaka umepata na hiyo rejeta.

Sasa kuhusu kuchagua. Sisi tulichagua kwa macho. Tulienda mahali panapouzwa vipuri vilivyotumika, tukaona tabo kubwa iliyong'aa, muuzaji akasema imetoka katika lori na haichoki. Tukasema kubwa ni bora. Hesabu ingetuokoa, nayo ni ya darasa la sita. Injini ya lita 2.78 huvuta hewa ya ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, huvuta mara 1,800, nayo ni karibu lita 5,000 za hewa kwa dakika. Pikapu ya mizigo hupanda mlima kwa mizunguko 2,000 mpaka 2,500, na hapo hewa na moshi wake ni mchache zaidi. Tabo ya lori ilitengenezwa kwa moshi wa injini kubwa mara mbili au tatu. Ukiifunga katika Hilux inabaki kama gurudumu la kinu penye kijito kikavu: unakanyaga, unangoja, gari halisikii, kisha mlima ukiwa umekwisha ndipo inaamka. Tabo ndogo mno nayo ina ubaya wake, kwa kuwa huamka mapema lakini injini ikienda kasi inauziba moshi usitoke, na joto linapanda. Kwa gari la mizigo, nikilazimika kukosea, nitakosea upande wa udogo, kwa sababu nguvu naitaka chini, penye mlima, sitaki kushindana na mabasi barabarani.

Kwa Hilux kuna njia ambayo mafundi wengi wanaifuata, nayo si mbaya. Toyota yenyewe iliunda injini ya ukoo ule ule yenye tabo, iitwayo 2L-T, ujazo wa cc 2446, na tabo yake ni CT20. Manifoldi ya moshi ya 2L-T na tabo yake hutumiwa katika 3L, kwa sababu ni ndugu. Ukubwa wake unafaa. Lakini sikilizeni neno la pili. Hiyo 2L-T yenyewe inajulikana kwa kupasuka hedi. Na 3L yetu ina mkandamizo wa 22.2 kwa 1, ambao ni mkubwa sana kwa injini ya kutiwa tabo. Injini zilizozaliwa na tabo mara nyingi hupewa mkandamizo mdogo zaidi, pistoni nyingine, na vibomba vya kurusha oili chini ya pistoni ili zipoe. Injini yako iliyozaliwa bila tabo huenda haina hayo yote. Ndiyo sababu mimi nasema ratili 7 ndiyo mpaka, na mwenye busara atasimama kwenye 5 au 6. Mlango mdogo wa kupunguza moshi, ule ulio ubavuni mwa tabo, usimwachie fundi aukaze ili "isikie zaidi". Injini italipa, na baada ya injini utalipa wewe.

Na kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya tabo, nunua vipimo viwili: kimoja cha msukumo wa hewa, na kingine cha joto la moshi. Hiki cha joto kifungwe katika manifoldi, kabla moshi haujaingia katika tabo. Kikifungwa baada ya tabo kitakudanganya, kwa sababu moshi ukishafanya kazi ya kuzungusha umekwisha poa kwa digrii mia au zaidi. Mimi naamuru hivi, na dereva wetu anatii: mlima mrefu, joto lisizidi digrii 650, likifika 700 unaondoa mguu na kushuka gia. Aluminiamu huyeyuka kwenye digrii 660 hivi. Ni kweli pistoni haifiki joto la moshi, kwa kuwa inapozwa na oili na maji, lakini mlima wa dakika ishirini ni mrefu, na pistoni haina mdomo wa kulalamika.

Sisi hatukuwa na kipimo hata kimoja. Tulipojuta kwa tabo ya lori tuliibadilisha, tukapata ndogo, tukafunga kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja wala mahali pake. Wiki mbili gari likaenda vizuri, tukasifu. Wiki ya tatu nilikuwa nimepanda mimi mwenyewe pamoja na dereva, tumebeba viazi. Tulisimama Flyover kunywa chai. Tuliporudi dereva akawasha, na mara moshi wa buluu ukajaa hata hatukuonana. Injini ikaanza kupanda yenyewe. Dereva ameondoa mguu, inapanda. Akazima ufunguo, inapanda. Watu wakakimbia. Mimi nilikuwa nimesoma karakanani kwamba injini ya dizeli ikipata oili yake yenyewe kwa njia ya hewa haihitaji pampu tena, inajila. Niling'oa bomba la hewa, nikatwaa kiubao cha kukalia cha mama mwuza chai nikakigandamiza juu ya tundu. Ikakohoa, ikafa. Ndugu zangu, msizibe tundu hilo kwa mkono. Linavuta kwa nguvu, na mkono utaharibika. Ikiwa gari limesimama na lina gia za mkono, njia nyingine ni kukanyaga breki kwa nguvu zote, kutia gia ya juu kabisa, na kuachilia klachi ili injini ikwame.

Ubao ule tulimlipa yule mama. Injini hatukuweza kuilipa haraka namna hiyo: gasketi ya hedi ilikwisha, pistoni moja imeliwa ukingoni. Gari lililala miezi mitatu, na kuitengeneza kulitula shilingi 140,000. Mwenzetu dereva miezi hiyo alikuwa akibeba mawe ya kujengea.

Sababu ilikuwa ndogo kama kidole. Oili huingia katika tabo kwa msukumo kupitia bomba jembamba, lakini hutoka kwa uzito wake tu, kwa kuanguka. Kwa hiyo bomba la kurudisha oili lazima liwe nene, literemke bila kupinda juu, na liingie katika injini mahali palipo juu ya usawa wa oili ya sampu. La kwetu lilikuwa jembamba, limekunjwa kupita chini ya mkono wa injini, na lilitobolewa chini mno. Oili ikashindwa kutoka, ikajaa ndani ya tabo, ikapita penye mihuri ikaingia njia ya hewa. Tabo yenyewe haikuwa na kosa. Niliipima baadaye. Ukitaka kupima tabo iliyotumika, shika mhimili: ukicheza kidogo kwa ubavu si neno, kwa kuwa oili haimo, lakini ukiusukuma ndani na nje na ukasikia unacheza, irudishe. Na ukiona mapanga yamegusa ukuta, hata kwa alama ndogo, usibishane bei, ondoka.

Mambo mengine ya injini nitayapita mbio. Pima mkandamizo wa silinda zote nne kwanza. Usishangae zote zikisoma chini ya kitabu, maana hewa ya huku ni nyepesi na kipimo nacho husoma chini. Tazama tofauti baina ya silinda na silinda. Ikiwa moja imeanguka, fedha ya tabo iende huko. Nozeli na pampu zipelekwe zikapimwe. Mkanda wa taimingi wa 3L, kama hujui umebadilishwa lini, ubadilishe. Klachi ya zamani itateleza ikipewa nguvu mpya, basi iweke katika hesabu yako. Oili na filta kila kilomita 5,000, wala usisogeze. Na dereva akifika juu ya mlima asizime papo hapo, bali aache injini inguruma pole pole dakika moja au mbili ili tabo ipoe. Wenzetu wa injini kubwa wanafanya hivyo, na wao injini si yao.

Sasa nakuja kwa springi. Nimeziweka nyuma, lakini kwa haki zilitakiwa ziwe mbele, kwa sababu tabo ilitula fedha tu, na springi karibu zitule mtu.

Hilux yetu ni ya kuvutwa na magurudumu ya nyuma. Nyuma ina springi za mabapa, mbele ina fito za kujipinda, tosheni baa kama mafundi wanavyoita. Ile ya kuvuta kwa magurudumu manne iitwayo LN106 ina mabapa hata mbele. Tukaona gari likibeba linakaa chini nyuma. Fundi akasema tuongeze mabapa mawili manene kila upande. Tukaongeza. Gari tupu likasimama kiuno juu kama panzi, na likibeba halikukaa. Tukafurahi, tukaongeza mizigo.

Kuhusu mizigo niseme wazi. Mfuko wa viazi wa kisheria tangu kanuni za mwaka 2019 ni kilo 50. Mifuko ishirini ni tani moja, na tani moja ndiyo kazi ya pikapu kama hii. Lakini ninyi mnajua lumbesa. Mfuko mmoja wa lumbesa huweza kupita kilo 100, na mnunuzi anakuambia ni "mfuko mmoja". Tulikuwa tukihesabu mifuko, hatukupima kilo. Mabapa ya springi yalibeba, ni kweli. Lakini ekseli haikuongezwa, beringi hazikuongezwa, chesisi haikuongezwa, na breki hazikuongezwa. Kuongeza bapa hakubadili hata moja katika hayo.

Mkumbuke pia kwamba ugumu wa bapa haupandi kama unene wake unavyopanda. Bapa lenye unene mara mbili ni gumu mara nane. Kwa hiyo kipande kidogo tu cha unene hufanya gari tupu kurukaruka barabara ya changarawe, na gurudumu likiwa hewani halina breki wala usukani. Chagua springi kwa mzigo ulio nao siku nyingi. Ikiwa unabeba siku mbili kwa wiki na siku tano uko tupu, afadhali springi za kiasi pamoja na bapa la msaada linalogusa tu mzigo unapokaa. Mbele, fundi atakuambia azungushe bolti ya tosheni baa ili "aikaze". Bolti hiyo huinua gari tu; ufito haupati ugumu wowote. Ukitaka ugumu, nunua fito nene. Na ukiinua sana, boli joinzi hukaa upande na kuliwa haraka. Shokapu nazo hazibebi mzigo hata kilo moja. Kazi yao ni kuzima mtikiso. Ukibadilisha springi kuwa ngumu na kuacha shokapu kuukuu, umefungua mlango bila bawaba. Nunua zilizopangiwa springi hizo, nne zote kwa pamoja, na baada ya kilomita mia tano rudi ukaze zile bolti za U zinazoshika ekseli, kwa sababu bapa mpya hukaa zikajilegeza.

Siku ile dereva wetu alikuwa akiteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha na mzigo wa lumbesa. Mvua imenyesha. Alikuwa peke yake. Alitueleza kwamba alikanyaga breki kama kawaida, na gari likainama mbele lakini halikushika. Akakanyaga zaidi, magurudumu ya mbele yakateleza, na nyuma ilikuwa kama haina breki. Kufikia kona ya chini breki za mbele zilikuwa zimeungua, zinanuka, na kanyagio linashuka. Aliipiga gari ukingo wa barabara upande wa mlima, kwa akili yake mwenyewe, kwa sababu upande wa pili palikuwa na watoto wanatoka shule na bonde. Alivunjika mkono. Viazi vilitawanyika.

Tulimpelekea fundi akaona breki za nyuma zina viatu vipya, silinda nzima, oili imejaa. Akasema dereva alikuwa anakwenda mbio. Nasi, naungama mbele yenu, tulikubali. Tulimlaumu mwenzetu wiki nzima, naye na mkono wake katika plasta.

Aliyemtetea ni mzee mmoja wa idara ya mabehewa, fundi wa breki tangu ujana, ambaye sasa amestaafu. Alikuja kulitazama gari, akalala chini yake juu ya gunia, akauliza: "Huu ufito unafanya nini?" Palikuwa na ufito mwembamba kutoka ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ndogo iliyofungwa katika chesisi. Akacheka. Akasema, "Ninyi watu wa reli mmesahau mkono wa tupu na mzigo?"

Mlio mabehewani mmekwisha elewa. Kwa wengine nieleze. Behewa la mizigo likiwa tupu halitaki breki kubwa, maana magurudumu yataburuzwa. Likiwa na mzigo linataka breki kamili. Kwa hiyo mabehewa mengi yana mkono wa kugeuza kutoka tupu kwenda mzigo. Hilux ina kitu hicho hicho, ila kinajigeuza chenyewe. Gari likibeba, bodi inashuka karibu na ekseli, ufito unaisukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu bodi iko juu, na vali inapunguza breki za nyuma. Sasa sisi tuliinua bodi kwa mabapa. Gari lina tani moja na nusu mgongoni, na vali inaamini kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma zilikuwa nzima kabisa, ila zilikuwa zimeambiwa zisifanye kazi.

Tulienda nyumbani kwa mwenzetu, wote sita, tukamwomba radhi. Hilo nalitaja kwa sababu linahusu chama.

Kwa hiyo, ndugu wa ishara, ukiinua springi, au ukitia matofali ya chuma chini yake, au hata ukibadilisha springi zilizolegea kwa mpya, ufito huo urekebishwe, na breki zipimwe gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Fundi asiyeijua vali hiyo asiguse springi zako. Na umwambie mtu wa bima juu ya tabo na springi kabla, usingoje ajali ndiyo imwambie. Gari la biashara lina ukaguzi wake kila mwaka, nao watatazama.

Mtaniuliza gari letu liko vipi sasa. Tumetoa bapa moja kila upande tukaacha moja la msaada, tumeweka shokapu mpya nne, vali imerekebishwa. Tabo tumeirudisha, ile ndogo, ratili 5 na nusu, na vipimo viwili mbele ya dereva. Tulipiga kura: wanne walitaka, watatu hawakutaka. Mimi nilikuwa katika wale watatu. Niliona fedha ile ingenunua matairi na breki, na kwa njia yetu injini iliyopimwa pampu vizuri ingetosha kupanda pole pole kwa gia ya pili. Lakini kura ni kura, na nikisema kweli, ile asubuhi tulipopanda Kinungi bila moshi mweusi nyuma, hata mimi nilifungua dirisha nikatazama.

Jumamosi saa nne asubuhi tutaipeleka Hilux kwenye mizani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, tupu kisha na mifuko ishirini ya kilo 50. Mwenye pikapu na aje na yake. Ndugu wa ishara, wewe njoo saa tatu, injini ikiwa imepoa, maana nitaleta kipimo cha mkandamizo, na kabla ya kuzungumza habari ya tabo nataka kuziona hizo silinda nne zinasema nini.

Bwana Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.